Sikio la Mama Edrine

Mtu akitaka kuujua uchovu kwa sura, na aende Nyakuron, nyuma ya jumba la utamaduni, aulizie saluni ya Mama Edrine. Atamkuta amesimama. Mama huyu hukaa kitako anapokula na anapovua viatu, basi. Jina lake la ubatizo ni Aidah, kwao ni Tororo, Uganda, na alivuka mpaka kuja Juba akiwa na kitana, draya na mume. Mume alirudi kwao kusalimia, akaoa hukohuko. Draya iliungua siku jenereta la jirani lilipopandwa na wazimu. Kitana kilibaki, na kwa kitana hicho amemlea mwanawe Edrine, anayesoma Tororo kwa bibi yake na kumwona mama yake Krismasi kwa Krismasi.

Alikuja akisikia kama mimi na wewe. Kisha kikaja kiangazi kimoja cha homa ya uti wa mgongo. Wengine iliondoka nao. Yeye ilimwachia uhai, ikachukua masikio. Alipotoka hospitali aliwaona watu wa Juba wanapita barabarani midomo ikicheza bila neno kutoka, akadhani wanamfanyia mzaha. Ilimchukua siku kadhaa kukubali kwamba kimya kile kilikuwa chake peke yake.

Ungedhani biashara itakufa. Wapi! Ilinoga. Mwanamke anayesukwa rasta hukaa kitini nusu siku nzima, na nusu siku ni muda mrefu wa kufunga mdomo. Nyumbani hawezi kusema, maana kuta ni za mabati na upande wa pili analala wifi yake. Kazini hawezi kusema. Kwenye simu ndiyo kabisa. Hapa sasa palikuwa na kiti, kioo, kivuli na msusi asiyesikia hata ngurumo ya mvua. Abuk, mama mmoja aliyekulia Nakuru na kurudi Juba baada ya Sudan Kusini kupata uhuru, mwenye kazi ya ofisini na mdomo usio na breki, ndiye aliyeligundua jambo hilo kwanza. Akaleta wenzake. Wakawa wanasukwa huku wakimwaga yote: nani kamkimbia nani, mtoto yule si wa baba yule, mume gani ana nyumba nyingine Gumbo, ng'ambo ya mto. Aidah alikuwa nyuma yao akichambua nywele, na wao wakamwona kama sehemu ya kiti.

Hakuna hata mmoja aliyejiuliza macho ya mwanamke huyu yalikuwa yakifanya nini.

Macho yalikuwa kwenye kioo. Mwanzoni aliitazama midomo ya wateja ili ajue tu kama wanataka nywele ndefu au fupi. Miaka ikapita, na akilini mwake midomo ikawa inasema. Akaizoea ile ya Kiswahili cha Kenya na ile ya Kiarabu cha Juba, akaweza kujua mtu anataka kucheka kabla hajacheka. Alijua siri za nusu ya Nyakuron. Hakuitoa hata moja. Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa amechoka, kwanza, na pili, mtu asiyeweza kujua kama sauti yake mwenyewe ni mnong'ono au ukelele atamnong'onezea nani?

Kitu kimoja tu kilimuuma, nacho kilikuwa simu. Akitaka kuzungumza na Edrine ilibidi amkabidhi mtu mwingine, na huyo mtu amwandikie alichosema mtoto. Watu huandika kwa kifupi. Mtoto anaongea mpaka anachoka, wewe unaandikiwa: anakusalimu. Miaka yote ile mwanawe alikuwa kwake salamu za kuletewa.

Kwa hiyo dada yake Immaculate, anayefanya usafi katika hospitali moja ya Kampala, alipomtumia ujumbe kwamba kuna madaktari wa misheni wanaowawekea viziwi kifaa cha kusikia ndani ya kichwa, Aidah alifunga saluni na kupanda basi kesho yake. Walimpasua nyuma ya sikio. Wakaweka chini ya ngozi kidude kidogo chenye waya mwembamba unaoingia hadi ndani kabisa, kisha wakampa kingine cha kuvaa nje, cheusi, kinachokaa juu ya sikio na kuunganishwa na kiduara kinachonata kichwani kwa sumaku. Siku walipokiwasha alisikia bata. Daktari alisema, bata wakagombana ndani ya debe. Aidah alilia kwa kuudhika. Lakini kadiri wiki zilivyokwenda bata wakaanza kuwa watu, na siku moja alipiga simu Tororo mwenyewe, akapokelewa na mwanamume wa sauti nzito.

"Nipe Edrine," alisema.

"Maama, ni mimi."

Aliigandamiza simu kwenye kidude, akamtaka aseme tena. Sauti aliyokuwa akiisubiri ilikuwa imeshavunjika na kuwa ya mtu mzima, na ile ya utotoni hatakuja kuisikia tena duniani. Hata hivyo, hii nayo ilikuwa yake, na hakuhitaji mtu wa kumwandikia.

Basi alirudi Juba na furaha yake. Angalia sasa.

Vijana wa bodaboda ndio walioanza. Walipokiona kidude wakambatiza Mama Antena. "Mama Antena! Khartoum wanasemaje leo?" Huo ulikuwa utani tu, na Aidah aliuchukua kama utani. Kanisani mambo yalikuwa mazito zaidi. Wako walionong'ona kwamba ni ile alama ya mnyama, na mchungaji Silvester, mtu mwema kwa kweli, akaona dawa ni kumwita mbele amwekee mikono ili minong'ono iishe. Mchungaji alikuwa na pete ya chuma. Aliweka mkono kichwani, akaomba kwa kirefu, akasema amina, akainua mkono, na kile kiduara kikainuka nao kimenata kwenye pete, waya wake ukining'inia. Kanisa zima lilipiga yowe. Kuna mama alianguka. Mpaka leo wako watu Nyakuron watakaokuapia kwamba waliliona pepo la Mama Edrine likitoka, na lilikuwa na mkia.

Wateja wake walikuwa watu wa mjini, hawakuogopa mkia. Walichoogopa ni kingine. Mtu wa Juba huogopa sikio kuliko bunduki, maana bunduki walau unaiona imeelekea wapi. Abuk ndiye aliyeuliza waziwazi, akiwa kitini, shingo ameigeuza nusu.

"Mama Edrine, si uniambie ukweli. Hiyo kitu inarekodi?"

"Hapana, dada. Mimi nasikia tu."

"Na hizo sauti zikishaingia, zinaenda wapi?"

"Inaenda kwa kichwa."

"Halafu?"

"Halafu nasahau."

Wenzake walicheka, lakini Abuk hakucheka. Tangu siku ile maongezi ya saluni yakawa ya hali ya hewa na bei ya sukari. Kiti kikaanza kukaa wazi asubuhi, kisha na mchana.

Lililomaliza kabisa ni jambo la Nyanut.

Nyanut alikuwa mjane kijana, mpole, aliyejifunza Kiswahili kwa kuuza nguo pamoja na Waganda sokoni. Mumewe alipofariki, desturi ya kwao ilikuwa wazi: ndugu wa marehemu, Mawien, amchukue mjane na watoto katika nyumba yake, na ukoo usipungue. Mawien hakuwa mtu mbaya. Aliwapenda watoto wa kaka yake na aliwanunulia viatu. Ila Nyanut hakumtaka. Hakutaka kuwa mke wa tatu wa shemeji yake, na hakuna mtu aliyemuuliza. Akapanga kimyakimya kuwachukua watoto na kuvuka mpaka pale Nimule hadi Uganda, kwa mama yake mdogo. Alimsimulia Abuk mpango huo palepale saluni, zile wiki za kwanza Aidah aliporudi, kabla watu hawajaanza kuogopa vizuri. Siku ya safari alipofika Gumbo kwenye kituo cha mabasi, alimkuta Mawien amekaa kwenye kiti cha mbele cha basi, anamsubiri. Hakumpiga. Aliwashika watoto mikono, akawarudisha mjini, na tangu hapo dada yake Mawien akahamia nyumbani kwa Nyanut kulinda mlango.

Nani kamwambia? Nyakuron ilikuwa na jibu moja. Nani mwingine zaidi ya sikio la chuma?

Aidah aliapa. Aliapa kwa Mungu na kwa uhai wa mwanawe. Nyanut hakumtukana, alimtazama tu mara moja barabarani, kisha akavuka upande wa pili. Hilo lilimuuma Aidah kuliko tusi. Siri za miaka yote alikuwa amezibeba kama mtungi kichwani, halikumwagika tone, na sasa alihukumiwa kwa siri ambayo hakuitoa.

Kisha ikatokea kwamba alikwenda Gumbo kuchukua furushi lake la rasta kutoka Kampala. Basi lilichelewa, akakaa juu ya gunia kivulini. Nyuma yake, mahali ambapo macho hayafiki, makondakta walikuwa wakipiga soga kwa Kiarabu cha Juba. Mmoja alikuwa anaringa. Alisimulia jinsi alivyomwokolea rafiki yake ukoo: mjane alikuja kuweka nafasi za watoto, akamtambua ni mke wa marehemu nani, akampigia Mawien, mtu wa rika lake waliyechanjwa naye alama za paji la uso siku moja, na Mawien akaja akakaa kiti cha mbele. Wenzake wakamcheka. "Dut, wewe ni noma!" Aidah aligeuka akamwona: kijana mrefu mwenye kofia nyekundu, mnyenyekevu sana mbele ya abiria.

Alirudi Nyakuron karibu anakimbia, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Abuk, akamweleza yote. Abuk alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ngoja nielewe. Ulikuwa umekaa mbali?"

"Si mbali sana. Nyuma yangu."

"Ukawaskia watu wanaongea mambo yao."

"Ndiyo, dada. Ile Dut ndiye amesema, si mimi."

"Na walijua unawaskia?"

"Hapana."

"Si ndiyo hiyo tunasema sasa!" Abuk alipiga kiganja. "Umekaa tu hivi, umegeukia kule, na mambo ya watu umeyabeba yote mpaka kwangu. Hiyo ndiyo tunaogopa, Mama Edrine. Na Dut tunamjua. Aliomba msamaha kwa Nyanut, eti hakumwonya kwamba Mawien yuko kwa basi, akalia. Usitupe mzigo wako kwa kijana wa watu."

Ushahidi wa Aidah ulikuwa umegeuka kuwa hatia yake. Alirudi nyumbani, akakivua kidude, akakiweka mezani, akalala, na kusema kweli kimya kilimpokea vizuri kuliko watu.

Muhula wa shule ulipokaribia, Abuk alikuja na sharti. Hakuja kwa ubaya. Alikuja na mkate.

"Tumekaa tukaongea," alisema. "Wewe ni msusi wetu. Hakuna mwingine anasuka kama wewe, wengine wanatuvuta mpaka macho yanakuwa ya Mchina. Tutarudi. Lakini ukiwa kazini, uvue hiyo kitu, uiweke mahali tunaiona."

"Nikivua, mimi iko kiziwi."

"Si ulikuwa kiziwi na tukapendana?"

Sijui wewe ungejibu nini. Aidah alifikiri juu ya Edrine na shule yake, akaona hana nguvu ya kubishana tena. Akatoa bakuli la plastiki lenye kifuniko, akaliweka kwenye rafu chini ya kioo. Kuanzia siku ile, mteja akiingia, kidude kiliingia bakulini, kifuniko kikafungwa, na wanawake wakatazamana wakashusha pumzi. Saluni ikajaa. Vicheko vikarudi, ingawa yeye aliviona tu. Jioni alikivaa, akapiga simu Tororo, akasikia habari za hesabu na mpira, akalala. Alikuwa amepewa sikio na Mungu na madaktari, na alilitumia kwa saa za jioni tu, kama mtu anayekodisha.

Nyanut naye akarudi, mwisho wa wote. Alikaa kitini Jumamosi moja, nywele zimekua vibaya, macho yameingia ndani. Abuk alikuwa kwenye benchi akisubiri zamu yake, pamoja na mama mmoja wa makamo aitwaye Akuac. Kidude kilikuwa bakulini. Aidah alianza kugawa nywele mistari, na kwenye kioo midomo ya Nyanut ikaanza kusema.

Alisema wifi anayelinda mlango amekwenda kijijini kwenye msiba. Alisema harusi yake na Mawien, kama ni harusi, itakuwa mwezi ujao, ng'ombe wameshaongelewa. Alisema kesho alfajiri anaondoka na watoto. Safari hii amepanga vizuri: kondakta mwenyewe atawaficha viti vya nyuma, chini ya blanketi, mpaka wapite kizuizi cha barabarani.

"Kondakta gani?" midomo ya Abuk iliuliza.

"Dut. Anajuta sana, ya uhti, dada yangu. Amesema atanisaidia kulipa dhambi ya kutonionya siku ile."

Aidah aliendelea kusuka. Mkono ulikwenda wenyewe. Alitamani kwa moyo wote asingeinua macho. Angeweza kunyamaza, na nani duniani angemlaumu kiziwi kwa kunyamaza? Sikio lilikuwa bakulini, wote walikuwa wanaliona. Akisema neno moja atakuwa amewaambia kwamba siku zote, kabla ya chuma na baada yake, alikuwa akiwajua mpaka nguo zao za ndani. Hakuna atakayerudi kukaa kwenye kiti kile. Na Edrine? Alisuka mstari mmoja, akasuka wa pili. Alikuwa amechoka kubeba. Kwenye kioo Nyanut alikuwa akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mumewe afe, na tabasamu hilo ndilo lililomshinda Aidah.

"Nyanut, ile gari ya Dut usipande!"

Alidhani amenong'ona. Alikuwa amepiga ukelele uliofika barabarani. Kijana wa bodaboda nje aligeuka. Nyanut aliruka kitini na nusu kichwa hakijasukwa. Abuk alilivamia bakuli, akafungua kifuniko. Kidude kilikuwa mle ndani, kimezimwa, kimelala juu ya kitambaa chake. Akakigeuza juu chini. Akamwangalia Aidah, akaliangalia bakuli tena.

Aidah alikichukua mkononi mwake, akakivaa, ili asikie hukumu yake.

"Mimi nasoma midomo," alisema. "Kwa kioo. Toka ile siku nilikuwa mgonjwa. Kila kitu mnasema, mimi iko naona. Sikutoa hata moja. Lakini Dut ndiye alimpigia Mawien. Nilisikia na sikio yangu kule Gumbo. Kesho Mawien atakuwa kwa gari."

Hapo ndipo alipotegemea wamrukie. Alikuwa tayari. Alikuwa amesema ukweli wote, hata ule usioulizwa, na alijisikia mwepesi kidogo.

"Kusoma midomo?" alisema Abuk polepole. "Za Kiswahili?"

"Na Kiarabu."

"Kwa kioo, tukiwa tumekupa mgongo?"

"Ndiyo."

"Haiwezekani. Hebu." Abuk alifunika mdomo kwa kiganja, akasema kitu ndani ya kiganja. "Nimesema nini?"

"Sijaona, umefunika. Na sasa nimevaa, lakini umesema chini sana."

Abuk aliwageukia wenzake. "Mnaona? Anajifanya."

"Wacheni, mimi nilijua," alisema Akuac kutoka kwenye benchi, kwa sauti ya mtu aliyethibitishiwa. "Chuma kikikaa sana ndani ya nyama, kinaingia damu. Hakihitaji tena ile ya nje. Ile ya bakuli ni ganda tu. Kalas, basi, sasa kinasikia chenyewe."

"Si chuma," alisema Aidah. "Ni mimi. Ni macho yangu."

Hawakumsikia. Nasema hivyo nikijua ninachosema: wanawake watatu wenye masikio sita mazima, na hawakumsikia. Miaka yote aliyokodoa macho mpaka kichwa kikauma, akijifunza midomo ya lugha za watu, waliipa yote kile kichuma. Kwamba msusi wa Tororo angeweza kufanya jambo gumu kiasi kile kwa juhudi yake mwenyewe halikuwaingia akilini hata kidogo. Kwamba mashine inasikia ikiwa imezimwa ndani ya bakuli, hilo liliwaingia mara moja, wala halikuhitaji maji ya kusukumia.

Nyanut aliketi tena. Alimtazama Aidah kwenye kioo.

"Imesema ni Dut?" aliuliza.

"Mimi nimesema ni Dut. Nilimwambia Abuk zamani."

"Mtu akiniambia ni Dut, siamini," alisema Nyanut. "Mtu ana ndugu, ana kabila, ana hasira zake. Mashine haina shemeji." Akamwonyesha upande usiosukwa. "Malizia nywele, Mama Edrine. Gari ya Dut sipandi."

Aidah alifungua mdomo kumsahihisha, kisha akaufunga. Watoto wale walikuwa na usiku mmoja tu. Kama lazima chuma ndicho kiaminiwe ili mtu apone, basi na kiaminiwe. Akashika kitana.

Kesho yake Mawien alikaa kiti cha mbele cha basi la Dut hadi jua likawa kali, viatu vipya vya watoto vikiwa mapajani mwake. Nyanut alikuwa ameshavuka daraja alfajiri ndani ya lori lililoleta ndizi kutoka Uganda na lililokuwa likirudi tupu, watoto wamelala juu ya majani makavu. Wanaosimulia wanasema Mawien alilia, na mimi nawaamini. Dut aliondoka kituoni kwa muda, akarudi na kofia ya rangi nyingine.

Habari zilienea Nyakuron yote kabla ya adhuhuri. Aidah alifungua saluni akijua hakuna atakayekuja, akaanza kukunja rasta ili azirudishe Kampala. Alipoinua kichwa mlangoni palikuwa na watu. Walikuwa wengi, na baadhi yao hawakuwa hata na nywele za kusuka. Mama mmoja alitaka sikio limwambie kama mwanawe aliyeko Malakal yu hai. Mwingine alitaka lisikilize simu ya mumewe, ameileta ndani ya khanga. Yule mama aliyeanguka kanisani alikuja na kuku. Abuk alikuwa akiwapanga mstari, amejaa fahari, akiwaambia, "Polepole, polepole, ikichoka haifanyi."

"Dada Abuk, waambie ukweli," alisema Aidah. "Hii inasikia kama sikio ya mtu. Basi."

"Nyenyekea tu hivyohivyo," alisema Abuk, akimpapasa bega. "Inafaa."

Bakuli liliondolewa rafuni siku ileile. Hakuna aliyetaka tena akivue kidude. Walitaka wakiguse kwa vidole. Hivyo ndivyo Juba ilivyokikubali kifaa cha Mama Edrine, baada ya kukataa kwa nguvu zote, na sina hakika nifurahie wapi katika habari hiyo. Wateja alipata. Edrine alibaki shuleni. Kila asubuhi Aidah aliwaambia wanaokuja kuuliza kwamba hajui, hajui, hajui, na kila asubuhi walimwelewa kwamba leo bei imepanda. Akawasuka wanaosukwa, akawaombea wanaolia, miguu ikamvimba.

Siku moja mchana, katikati ya kichwa cha mtu, simu iliita kwa namba ya Uganda. Alidhani ni Edrine. Alikuwa Nyanut. Nyuma yake kulikuwa na watoto wanaogombania kitu, na Aidah alisimama na kitana mkononi akiwasikiliza kwanza hao, kelele zao nzuri za bure, kabla hajasikiliza maneno. Nyanut alisema wamefika salama, wanaanza shule, mama yake mdogo amewapokea vizuri. Alisema hatasahau mpaka kufa. Aidah alifikiri, sasa atasema. Sasa ataniita jina langu.

"Mama Edrine," alisema Nyanut, "hiyo mashine yako, tafadhali, iambie asante."

Aidah aliegemea ukuta. Kwenye kioo wateja walikuwa wanamtazama, wamekaza masikio.

"Nitaiambia," alisema.